Ugonjwa Ulioanzia Magotini

Yaya Bilal, kaka mkubwa wa Abibu, hakutaka kiti. Alisimama katikati ya sebule, funguo za gari zikining'inia kidoleni, akatoa hukumu yake huku akiutazama ukuta ulio juu ya kichwa cha mdogo wake.

“Ijumaa, kisha swala, natuma motokari. Abibu anaenda Kasenga. Maalimu anamungojea kule, nimekwisha kuongea naye.”

Abibu alikuwa kwenye kochi alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, miguu imenyooshwa juu ya kigoda kwa kuwa magoti yalikuwa yamekataa kukunjika. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Nusu ya mtaa wao wa Katuba ilikuwa ikilalia vitanda vyake, na sasa hakuweza hata kushika randa. Vifundo vya mikono vilivimba asubuhi, vikapoa mchana, vikavimba tena. Tangu mwaka jana tumbo nalo lilikuwa limefunguka, na kila alichokula kilipita bila kumwachia chochote.

“Alhamisi tuko na rendez-vous ya docteur, Yaya,” Mounira, mkewe, akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ametoka kwenye cherehani yake barazani, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

“Docteur gani tena? Wa magoti mulimumaliza. Wa tumbo mulimumaliza. Wa kifua alisema ni TB, kisha akasema haiko TB. Mwaka muzima. Na mudogo yangu anaisha tu.”

“Huyu iko mukubwa wao, kule ku ville, katikati ya muji. Iko na kamera ya kuingiza mpaka mu tumbo.”

“Kamera.” Bilal alicheka kwa pua. Kazi yake ilikuwa kupitisha malori ya wengine mpakani Kasumbalesa, na alikuwa amezoea kwamba karatasi ikishagongwa muhuri haijadiliwi tena. “Mama Feza, mi sikuombe ruhusa. Nakuambia.”

Mounira alimsindikiza hadi kwenye gari, kama adabu inavyotaka. Hapo Bilal alipunguza sauti.

“Kule ku msikiti bantu banasema. Muntu wa miaka yake anaswali juu ya kiti, sawa muzee. Na mwili ile. Unajua banasema nini.”

Alijua. Walisema sida, ukimwi. Abibu alikuwa amepimwa mara tatu, na mara tatu karatasi ikasema hapana. Mounira alizibeba karatasi zote tatu kwenye mkoba wake, na siku moja alikaribia kuzibandika kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba. Feza, binti yao, ndiye aliyemzuia. “Mama, bakiona karatasi batasema ni ya kununua,” alisema, na alisema kweli.

Gari lilipoondoka, Mounira alirudi kwenye cherehani. Mezani ilimngoja suruali ya mumewe, ile ya kijivu, aliyokuwa akiipunguza kiuno kwa mara ya nne mwaka huo. Kitambaa kilichokunjwa ndani sasa kilikuwa kingi kuliko kilichobaki nje. Akaukata mshono, akaanza upya, na wakati wote huo alikuwa akiliangalia duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara.

*

Duka lilikuwa la Israël. Hakuwa daktari wala muuguzi, lakini alivaa koti jeupe lililopigwa pasi na watu walimwita docta, naye hakuwasahihisha.

Jumatano asubuhi Mounira alivuka barabara.

“Israël, ile vidonge uliniuzishaka mwaka jana, vidogo vidogo. Jina yao ni nani?”

“Vidonge ya nini?”

“Ya kunenepesha muntu.”

Israël aliendelea kupanga visanduku rafuni. Mbele yake alisimama Mama Victorine, jirani, akingoja dawa ya kikohozi, na masikio yake yalikuwa wazi.

“Vitamini,” Israël akasema.

“Vitamini gani?”

“Mama Feza, vitamini iko vitamini. Ulisema bwana yako anakonda, nilikusaidia. Akanenepa, ao hakunenepa?”

“Alinenepa.”

“Magoti ikapona, ao haikupona?”

“Ikapona, miezi mbili.”

“Ulikuya hapa na kitenge kizuri kwa bibi yangu, kusema aksanti. Leo unataka kunifungisha?”

Mama Victorine alikohoa, na hakikuwa kikohozi kile alichokuja nacho.

Yote aliyoyasema Israël yalikuwa kweli. Mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya Idi ya kuchinja, Mounira alikuwa amechoka kushona nguo za mumewe kuelekea ndani. Alitaka siku ya Idi watu wamwone Abibu akiwa na mashavu. Kila asubuhi aliviponda vidonge viwili na mgongo wa kijiko, akavikoroga ndani ya uji, bila kumwambia kitu. Wanawake wengi wa Katuba walifanya hivyo, kwa mabibi-harusi wembamba, kwa mabinti wanaotafuta makalio, kwa waume ambao mtaa umeshaanza kuwazika. Abibu alijaa. Uso ukawa wa mviringo. Magoti yakanyamaza, akarudi kwenye karakana yake, akapiga randa wiki nane mfululizo. Watu walimpongeza Mounira kwa upishi wake. Kisha tumbo likafunguka, na mwili wote aliokuwa ameupata ukaondoka, ukachukua na mwingine juu yake.

“Sikufungishe,” alimwambia Israël. “Nataka jina tu. Daktari akiniuliza nimwambie.”

“Akikuuliza, unyamaze. Hakuna anayeuliza.”

Juu ya meza ya kioo palikuwa na kopo jeupe kama lile ambalo mwaka jana Israël alimhesabia vidonge vyake. Mounira aliligeuza taratibu, kama anayeangalia lebo ya kitambaa dukani. Hakuwa na kalamu. Akatoa chaki ya fundi mfukoni na kuandika herufi moja baada ya nyingine juu ya mkono wa abaya yake nyeusi: DEXAMETHASONE.

“Unafanya nini?” Israël akauliza.

“Naandika,” Mounira akasema, na akavuka barabara mkono ukiwa umenyooshwa mbali na mwili ili chaki isifutike.

*

Daktari Edouard, yule mkubwa wa mjini, aliwapa dakika tano. Walikuwa wamengoja tangu saa moja asubuhi kwenye benchi la korido, na Abibu alikuwa amekwenda chooni mara sita, akishikilia ukuta, huku muuguzi mmoja akisema kwa sauti kwamba hospitali haiko choo cha soko.

“Magoti ni rheumatisme ya maungo,” daktari alisema, akipekua karatasi. “Tumbo ni amibe sugu. Mambo mbili tofauti. Dawa hii ni ya magoti, hii ni ya tumbo.”

“Docteur, hiyo tulishakunywa,” Mounira akasema.

“Mutakunywa tena.”

“Docteur, mi niko fundi wa nguo. Nguo ikivuta ku kwapa, fundi mubaya anakata ku kwapa. Anaharibu. Kosa iko ku bega, pale alianza kukata. Muulize kwanza nini ilianza.”

Daktari Edouard aliinua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nje korido ilikuwa imejaa.

“Mama, mwili haiko nguo,” akasema. “Docteur Lombe atamalizia kuandika fishi yenu.” Akatoka.

Daktari Lombe alikuwa msichana mwenye miwani, aliyekaa muda wote pembeni akiandika. Alisubiri mlango ufungwe. Kisha akavuta kiti chake hadi mbele ya Abibu.

“Papa Abibu, nini ilianza?”

Abibu alimtazama kwanza ili ahakikishe kwamba swali ni lake.

“Magoti,” akasema. “Sasa ni miaka sita. Leo hii goti moja, kesho ingine, kisha mikono. Inavimba, inaenda, inarudia. Ile wakati nilikuwa munene, docteur. Nilikuwa nabeba mbao peke yangu.”

“Na tumbo?”

“Haikukuwa na shida. Tumbo ni mwaka jana tu, kisha Idi.”

“Kisha Idi. Kulikuwa nini ku Idi? Ulikula kitu, ulikunywa dawa?”

“Hapana.”

Mounira alijua kwamba hapo ndipo mtu anaponyamaza. Aliutazama mkono wa abaya yake. Chaki ilikuwa imefifia lakini ilisomeka. Akaunyoosha juu ya meza, mbele ya daktari na mbele ya mumewe.

“Alikunywa hii. Mi njo nilimupatia. Mu uji, miezi mbili na nusu. Yeye hakujua.”

Daktari Lombe alisoma. Hakupiga kelele wala hakutikisa kichwa. Aliuliza vidonge vingapi, asubuhi au jioni, magoti yalitulia siku ya ngapi, tumbo liliharibika lini, na akaandika kila jibu. Abibu alikuwa akiviangalia viganja vyake.

Mwishowe daktari aliweka kalamu chini.

“Sikilizeni. Kuna ugonjwa mumoja, banaitaka Whipple. Ni wa nadra sana. Mi sijaonaka mugonjwa wake hata mumoja, nimeusoma tu. Ni mikrobi inakaa mu utumbo mudogo, lakini kwanza inaumiza maungo. Miaka mingi inaumiza maungo tu, bantu banasema rheumatisme. Kisha tumbo inafunguka, muntu anakonda. Dexa inazimisha maumivu, lakini inafunga na askari ya mwili. Mikrobi inabaki peke yake, inafanya inachotaka.”

“Inaponaka?” Mounira akauliza.

“Ikijulikana, inapona. Isipojulikana, inaua. Siseme ni yenyewe. Nasema tuangalie. Jumamosi asubuhi tunaingiza kamera, tunakamata vipande vidogo vya utumbo, laboratoire inatia rangi ya pekee. Bila ile rangi haionekane.” Akaandika herufi tatu kwenye kikaratasi, PAS, akazipigia mstari mara mbili. “Hii njo jina ya rangi. Uchunge karatasi. Na asiende fasi yoyote mbele ya Jumamosi.”

Kwenye benchi la nje, walipokuwa wakingoja karatasi ya miadi, Abibu alimuuliza mkewe.

“Ulikuwa na haya juu yangu?”

“Nilikuwa na haya juu ya bantu.”

“Ni kitu kimoja, Mounira.”

Hakumwita Mama Feza.

*

Ili kulipia kamera Mounira aliuza mashine yake ya kupindia kingo za nguo kwa fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Ijumaa mchana, gari la Bilal lilipofika, mahali pa mashine ile palikuwa pamebaki alama nne za miguu sakafuni.

Bilal hakuja peke yake. Alikuja na Shangazi Mwayuma, dada wa marehemu baba yao, mwanamke mnene mwenye sauti laini, ambaye katika ukoo neno lake lilikuwa la mwisho. Alikuwa amebeba birika jipya na mkeka wa safari.

“Abibu baba, simama, tuende,” Shangazi akasema. “Bilal ametia godoro nyuma, utalala mpaka Kasenga. Kule utakula samaki ya Luapula, mbichi, Maalimu atakuandikia kombe, aya ya kuosha mu sahani na kunywa. Mwezi moja, utarudia na nguvu.”

“Kombe alishakunywa, Shangazi,” Mounira alisema. “Mu mwezi ya tatu, na mu mwezi ya tano. Mi mwenyewe nilisafisha sahani. Sikatae kombe. Lakini kesho iko na kamera.”

“Nani alikuuliza?” Bilal akasema.

“Hakuna.”

“Basi unyamaze. Hapa tuko bandugu ya Abibu.”

Mwanamke wa kuolewa hasemi ukoo wa mume unapokaa, mpaka aulizwe. Mounira alilijua hilo tangu utotoni. Mama yake alikuwa ameishi hivyo na kufa hivyo. Akavuta kigoda kilichokuwa kando ya kochi, akaketi juu yake, katikati ya mlango.

“Niko na neno ya kusema kwanza, kisha muninyamazishe,” akasema. “Mwaka jana nilimupatia Abibu dexa mu uji, bila kumuambia. Niliona haya. Niliona kila muntu anamuangalia, nikataka anenepe mbio. Ile dawa njo ilifungua mulango ya tumbo. Jana nilimuambia docteur, leo nawaambia ninyi, na mukitaka kesho mutaambia msikiti muzima.”

Shangazi Mwayuma aliweka birika chini.

“Umemulisha dawa bwana yako kwa siri,” Bilal akasema polepole, kama anayesoma shitaka. “Na leo unataka tukuachie yeye.”

“Hapana. Sitaki mumuache kwangu. Nilishaamua mambo yake mara moja, munaona nilifanya nini. Na weye, Yaya, unafanya ile ile. Uliongea na Maalimu. Uliongea na Shangazi. Uliongea na mushofere. Yeye ulimuuliza siku gani?”

Bilal alizigeuza funguo za gari kidoleni.

“Ni yeye mugonjwa,” Mounira akasema. “Eko pale. Muulize. Akisema Kasenga, mi mwenyewe nitamufungia mizigo, na nitaenda naye. Akisema kamera, motokari inarudia mutupu. Lakini muulize.”

Ilikuwa ajabu kuona jinsi wote watatu walivyogeuka kulitazama kochi kana kwamba mtu fulani ameketishwa pale sasa hivi. Shangazi Mwayuma ndiye aliyeuliza.

“Abibu baba. Unataka nini?”

Abibu alikuwa mtu wa kazi za mikono, maneno kwake yalipatikana kwa shida.

“Miaka sita magoti inaniuma,” akasema. “Kila muntu ananiambia nini iko naniuma. Yule mutoto mwanamuke wa miwani njo wa kwanza kuniuliza. Nataka kujua ni nini. Kama ni kufa, nife najua jina ya kitu kinaniua. Shangazi, unisamehe. Kesho naenda ku kamera.”

Kisha akamgeukia mkewe, na uso wake haukulainika.

“Na weye. Hautatia tena kitu mu sahani yangu bila mi kujua. Hata chumvi.”

“Hata chumvi,” Mounira akasema.

Bilal aliondoka bila kunywa chai. Shangazi Mwayuma alibaki. Alitandika mkeka wake wa safari kando ya kochi, akaketi, akasema kwamba kwa kuwa ameshafunga mizigo hana sababu ya kurudi nyumbani.

*

Siku kumi baada ya kamera jibu la maabara lilifika, mistari miwili: utumbo una uvimbe kidogo, hakuna kitu cha pekee.

Bilal alipiga simu jioni ile ile. Hakusema Kasenga. Alisema tu, “Munaona,” akakata simu. Abibu alikuwa sasa hawezi kwenda chooni bila kushikwa na watu wawili. Feza alishika upande mmoja na Shangazi upande wa pili.

Asubuhi Mounira alikwenda maabara. Kijana wa dirishani alikuwa akila mkate.

“Munatia rangi gani?” akamuuliza.

“Pardon?”

“Ku kipande cha bwana yangu. Mulitia rangi gani?”

Kijana alicheka, akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma. “Kuya usikie. Mama huyu anakuya kutufundisha kazi.”

“Sifundishe. Niko fundi wa nguo, rangi najua kuuliza.” Akapitisha kikaratasi cha Daktari Lombe chini ya kioo. “Docteur aliandika hii. Mulitia hii?”

Kijana alisoma, akaacha kutafuna. Akaangalia daftari lake.

“Tulitia ya kawaida. Hii hatuna sasa. Imeisha tangu mwezi wa pili.”

“Na mukaandika hakuna kitu.”

“Hatukuona kitu, mama.”

“Mulitafuta kitu cheupe juu ya kitambaa cheupe, mukasema hakiko. Unipatie kipande cha bwana yangu.”

“Haiwezekane. Inaombwa na docteur, kwa barua.”

Mounira alimpigia simu Daktari Lombe palepale, akasogea pembeni ya dirisha kuruhusu wengine wapite, lakini hakuondoka. Daktari alikuja saa nane mchana akiwa na barua yenye muhuri na saini ya Daktari Edouard mwenyewe. Kilichotoka dirishani kilikuwa kipande kidogo cha nta, kisichozidi kifungo cha koti, na ndani yake doa la nyama ambalo mtu angeweza kulikosa. Mounira alikifunga katika kitambaa laini, akakitia ndani ya nguo yake, upande wa moyo. Walipanda teksi hadi maabara nyingine, ya kibinafsi, alikofanya kazi mtu aliyesoma na Daktari Lombe. Njiani daktari hakuahidi chochote. Alisema tu kwamba huenda amekosea, na kwamba akikosea atatafuta tena.

Siku ya nne alimwita. Alikuwa na picha kwenye simu yake.

“Angalia.”

Mounira alitazama. Alikuwa ameshika vitambaa vya rangi zote maishani mwake, na ile aliijua: waridi inayoelekea zambarau, iliyokolea mno, ambayo haitoki hata ikifuliwa mara mia. Ilikuwa imejaa kila mahali, vifuko kwa vifuko.

“Ile yote njo mikrobi?” akauliza.

“Ile yote njo yeye. Docteur Edouard naye ameona. Amesema nikuambie jambo.” Daktari Lombe alisita. “Amesema ulikuwa na haki juu ya bega.”

Mounira alirudisha simu. Akakaa chini sakafuni, kwenye korido, watu wakimruka.

“Tunaanza lini?” akauliza kutoka pale chini.

*

Sindano zilikuwa za siku kumi na nne, kwenye mshipa. Siku mbili za kwanza Abibu alishikwa na homa kali kiasi kwamba Shangazi Mwayuma alianza kusoma Yasini. Siku ya tisa aliomba bukari, yaani ugali, na alipoula ukabaki tumboni. Siku ya kumi na tatu alikunja goti la kushoto, akalikunjua, akalikunja tena, kama mtoto aliyepata mlango mpya wa kuchezea. Hakuna aliyepiga vigelegele. Waliogopa kulitisha goti.

Baada ya sindano vilifuata vidonge, viwili kwa siku, mwaka mzima. Hapo mtaa ulipata kazi mpya. Vilikuwa vile vidonge vikubwa vyeupe vya Bactrim, ambavyo kila mtu wa Katuba aliwahi kuviona nyumbani mwa mgonjwa wa sida. Mama Victorine aliviona dirishani siku ya kwanza, na kufikia jioni habari ilikuwa imefika kituo cha basi.

“Tuvifiche mu chumba,” Feza alisema.

“Hapana,” Abibu akajibu. “Tulishaficha ya kutosha.”

Tangu siku hiyo alivimeza barazani. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku alileta kiti chake kando ya cherehani ya mkewe, akaweka glasi ya maji juu ya meza ya kukatia, akakiweka kidonge ulimini polepole, mbele ya barabara nzima. Aliyeuliza alijibiwa. Aliyenong'ona aliitwa kwa jina lake asogee ili asikie vizuri. Walikuwa bado hawajamaliza kusameheana, yeye na Mounira; zilikuwepo asubuhi ambazo aliukagua uji wake kwa kijiko kabla ya kuunywa, na mkewe alimwacha aukague. Lakini aliunywa.

Mwezi wa tatu wa vidonge, Jumamosi moja asubuhi, alikuja Princesse, msichana wa mtaa wa nyuma, akiwa na kitambaa cheupe cha harusi mikononi. Harusi ilikuwa baada ya wiki nne. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na alitabasamu kwa aibu.

“Mama Feza, unikatie kubwa kidogo. Vipimo mbili juu.”

“Juu ya nini?”

“Mbele ya harusi nitakuwa nimejaa. Mama-mukwe anasema niko mukavu, bantu batacheka.” Akapunguza sauti, akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara. “Iko vitamini naanza leo.”

Mounira aliacha mkasi. Mlangoni pa duka lake Israël alikuwa amesimama na koti lake jeupe, akifagia kizingiti kile kile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu waligeuza shingo.

“Baba Feza,” Mounira akaita, bila kugeuka.

“Niko.”

“Nilikupatia vitamini gani mwaka jana?”

“Dexa,” Abibu akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele ya msumeno. “Mu uji. Nikanenepa muzuri sana. Kisha nikaanza kufa.” Akakitia kidonge chake mdomoni, akanywa maji, akazifuta ndevu. “Mutoto wangu, usiguse kile kopo. Kaa na mifupa yako.”

Princesse aliwatazama wote wawili. Macho yake yalianza kujaa machozi.

“Lakini batanicheka.”

“Batacheka,” Mounira akakubali. “Mi walinicheka mwaka muzima, unaniona niko hapa. Nitakukatia kwa mwili uko nayo leo. Itakukaa namna hakuna muntu atakumbuka kucheka. Inua mikono.”

Msichana akainua mikono. Mounira aliizungusha tepu kiunoni mwake, akaivuta hadi ikakaa sawasawa, bila kulegea wala kubana, na akaisoma namba kwa sauti kubwa ya kutosha kusikika ng'ambo ya barabara.

“Soixante et un. Sitini na moja. Andika, Baba Feza.”

Abibu akaichukua chaki na kuandika.